Kabla Baba Hajaingia Chini ya Gari

Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya lishe ya watoto, chanjo, malezi na amani katika ndoa. Mwezi huu tunaomba mtuvumilie, maana tunataka kuzungumza juu ya chombo cha chuma ambacho wengi wetu hukiruka tu tunapokwenda kuanika nguo uani. Chombo hicho ni jeki ya gari.

Labda mwenzetu atasema, "Jeki ni mambo ya baba. Sisi yanatuhusu nini?" Yanatuhusu sana. Siku hizi nyumba nyingi za watu wa kipato cha kawaida zina gari, mara nyingi lililokwisha kutumika Japani kabla ya kufika kwetu. Gari hilo linataka kubadilishwa pedi za breki, kumwagwa oili, kukazwa boliti zilizolegea. Fedha ya gereji hutoka katika mfuko ule ule wa ada ya shule, unga na sadaka. Basi Jumamosi baba huvaa suruali chakavu, au kijana aliyemaliza kidato cha nne hukunja mikono ya shati, na kuingia chini ya gari. Anayelala pale mchangani ni mume wetu au mtoto wetu. Tena wako akina mama wengi sasa wanaoendesha, na wanaobadili tairi wenyewe njiani.

Sisi tuliofanya kazi wodini kwa miaka mingi tunalijua jambo hili kwa upande wake wa pili. Siku moja aliletwa kijana kwenye kiti cha nyuma cha teksi, majirani wakiwa wamempakata. Hakuwa na jeraha kubwa la nje. Uso ulikuwa umevimba na macho yamevilia damu. Mama yake alituuliza, "Mbona hatoki damu? Atapona, si ndiyo?" Ilitubidi kumweleza baadaye kwamba kifua kikibanwa na uzito mkubwa hakiwezi kupanuka, na kifua kisichopanuka hakivuti hewa, hata kama mbavu zote ni nzima. Dakika chache tu zinatosha. Kijana yule hakurudi nyumbani. Gari alilokuwa akilitengeneza lilisimama juu ya jeki peke yake, pasipo kitu kingine.

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 Mungu aliwaagiza Waisraeli kwamba anayejenga nyumba aweke ukingo juu ya dari, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Mungu hakuona kwamba jambo la ukingo wa dari ni dogo mno kuandikwa katika sheria yake. Sisi tunaamini kwamba uani kwetu pia kuna dari inayohitaji ukingo.

Nguvu yake inatoka wapi?

Jeki tunayoizungumzia si ile ndogo ya kukunja inayokuja na gari. Ile ni ya kubadili tairi la pancha njiani, basi. Tunazungumzia jeki ya magurudumu, ile ndefu yenye mkono wa kupampu, ambayo husukumwa chini ya gari na kuliinua kwa nguvu ya mafuta. Tukielewa inavyofanya kazi, tutaelewa pia kwa nini huweza kutusaliti.

Aliyeeleza siri yake ni Mfaransa, Blaise Pascal, aliyeishi kati ya mwaka 1623 na 1662. Alikuwa mtaalamu wa hesabu na pia mtu aliyempenda Mungu na kuandika mengi juu ya imani. Alifundisha kwamba maji au mafuta yaliyofungiwa ndani ya chombo yakisukumwa mahali pamoja, msukumo ule huenea kila upande kwa kiasi kile kile. Mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah alitumia elimu hiyo kupata hati ya mashine ya kukandamiza vitu kwa nguvu ya maji. Jeki yetu ni mjukuu wa mashine ile.

Kwa mfano, tuchukue bomba mbili za sindano, moja nyembamba na moja nene, tuziunganishe kwa mpira na kuzijaza maji. Tukisukuma ile nyembamba kwa kidole kimoja, ile nene huinuka kwa nguvu kubwa zaidi, lakini huinuka kidogo kidogo. Kama eneo la pistoni kubwa ni mara 20 ya ile ndogo, nguvu huzidi mara 20, na mwendo hupungua mara 20. Ndiyo sababu mtu hupampu mara nyingi na gari hupanda polepole. Na ile skrubu ya kushushia ni kama ile ya kipimo cha shinikizo la damu: ukiifunga, mpira unajaa, ukiifungua kidogo, unapwaya taratibu.

Lakini kila muuguzi anajua kipimo kile kikichakaa. Unakijaza, unageuka kuandika kwenye faili, ukirudi mshale umeshuka wenyewe. Jeki ni vivyo hivyo. Uzito wote wa gari umebebwa na vipete vichache vya mpira, ambavyo mafundi huviita sili, pamoja na valvu ndogo ndani yake. Sili ikikatika au chembe ya mchanga ikikaa kwenye valvu, mafuta hurudi yalikotoka na gari hushuka.

Mazungumzo ya mezani

Katika nyumba yetu jambo hili lilianza kama suala la fedha. Tulikuwa tumeweka akiba kidogo kidogo, na baba watoto alitaka kununua jeki ili pedi za breki azibadilishe mwenyewe. Sisi tuliomba kwamba jeki isinunuliwe bila stendi mbili za chuma za kushikilia gari, pamoja na kabari za kuzuia magurudumu. Fedha ilitosha jeki tu.

"Mama watoto," akasema, "stendi tutanunua mwezi ujao. Jeki yenyewe ni ya tani 3, na gari letu halifiki hata tani 2. Itaanguka vipi?"

Tulimjibu kwa upole, "Baba, hizo tani 3 ni uzito inaoweza kuuinua. Hazituambii itaushikilia kwa muda gani. Tungoje mwezi mmoja tununue vyote kwa pamoja."

Alinyamaza. Hakupenda, na chakula cha jioni ile kililiwa kimya kimya. Wako wanaotufundisha kwamba mke mwema hanyanyui mdomo katika mambo kama haya. Sisi tunasoma kwamba Mungu alimpa mwanamume msaidizi, na msaidizi anayeona shimo mbele akanyamaza amesaidia nini? Tuliomba usiku, tukalala. Asubuhi akasema, "Haya, tungoje." Mwezi ule pedi zilibadilishwa na fundi wa mtaani, na mwezi uliofuata tukaenda pamoja Gerezani, Kariakoo, tukiwa na fedha ya vyote. Bwana Yesu katika Luka 14:28 alizungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara na kuketi kwanza ahesabu gharama. Gharama ya jeki ihesabiwe pamoja na stendi na kabari. Kama fedha haitoshi vyote, haijatosha.

Kuchagua jeki

Akina mama tuna jicho la sokoni. Hatununui samaki bila kutazama mashavu yake. Tutumie jicho lile lile.

Kwanza, uzito. Gari dogo la familia huwa na tani 1 hadi 1.5 hivi, magari makubwa kama Land Cruiser Prado hukaribia au kupita tani 2. Jeki huinua upande mmoja tu wa gari, lakini ni busara ichaguliwe ile ambayo kiwango chake hakipungui uzito wa gari zima. Kwa gari dogo tani 2 zinatosha. Kwa gari kubwa tutafute tani 3. Kiwango kiwe kimeandikwa juu ya jeki yenyewe. Tusitegemee mdomo wa muuzaji.

Pili, urefu. Chukueni ile futi ya kushonea, mpime kutoka ardhini hadi mahali pa gari panapowekwa jeki. Jeki nyingi ndogo za tani 2 huanzia sentimita 13 hivi zikiwa zimeshuka. Kama gari ni la chini, au tairi limeisha upepo, jeki iliyo ndefu mno haitaingia. Tuulize pia inafika wapi juu, maana lazima ifike pa kutosha stendi kuingia chini.

Tatu, hali yake. Tuinamishe macho tutazame mahali pa kuchomelea, kama kuna ufa. Tupitishe kitambaa cheupe chini ya pampu tuone kama kinatoka na mafuta. Fimbo ya pistoni ing'ae, isiwe na kutu. Magurudumu yazunguke, na kile kisahani cha juu kinachobeba gari kiwepo, kisilegee. Halafu tumwombe muuzaji ainue gari lolote lililo mbele ya duka, tusimame hapo kwa dakika kumi na kutazama. Muuzaji mwaminifu hataona ubaya. Kwa jeki iliyokwisha kutumika, jaribio hili lisikosekane kabisa.

Stendi nazo ziwe mbili zinazofanana, zenye miguu mipana, na pini au meno ya kufungia yaliyo imara. Tofali za bloku zisitumike mahali pa stendi. Bloku hubeba ukuta kwa sababu uzito umetandazwa. Ncha ya chuma ikikaa juu yake hupasuka ghafla, bila kuonya.

Utaratibu wa uani

Gari lisimame mahali sawa na pagumu, saruji ikiwezekana. Jeki ya magurudumu husogea kidogo inapoinua, kwa kuwa mkono wake hupanda kwa kuzunguka. Magurudumu yake yakizama mchangani, jeki huvutwa upande na gari huteleza. Kama hakuna saruji, pawekwe ubao mnene na mpana.

Hendibreki ivutwe na gari liwekwe gia. Hapa kuna jambo wengi hawalifikiri: katika magari mengi hendibreki hushika magurudumu ya nyuma tu. Gari likiinuliwa nyuma, magurudumu yale yako hewani, na hendibreki haishiki kitu. Ndiyo sababu kabari ziwekwe mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini. Nati za tairi zilegezwe kidogo kabla ya kuinua, gari lisije likatikiswa likiwa juu. Jeki ikae mahali palipoonyeshwa na kitabu cha gari, kamwe isikae chini ya sampu ya oili wala kwenye sakafu nyembamba.

Gari likifika juu, stendi ziwekwe na gari lishushwe taratibu likae juu yake. Kisha baba alisukume kwa mkono. Kama litatikisika, afadhali litikisike yeye akiwa amesimama. Tairi lililotolewa lilazwe chini ya ubavu wa gari, liwe ulinzi wa pili. Watoto wasiwe ndani ya gari wala karibu nalo. Na anayefanya kazi chini asiwe peke yake nyumbani. Sisi huchukua mboga zetu tukazichambulia barazani, tukimwita mara kwa mara.

Kuitunza

Jeki haidai mengi. Inadai usafi na uangalifu, kama vyombo vya kuzalishia.

Ihifadhiwe mahali pakavu, mkono wake ukiwa umeshushwa kabisa, ili fimbo ya pistoni ibaki ndani ya mafuta isipate kutu. Ifutwe mchanga kila baada ya kazi, maana mchanga ndio unaokata sili. Magurudumu na maungio yapakwe grisi kidogo mara kwa mara.

Mafuta yatazamwe jeki ikiwa imeshuka, kupitia kizibo cha kujazia, na yaongezwe mpaka kiwango kilichoonyeshwa, si zaidi. Yawe mafuta ya haidroliki yaliyotengenezwa kwa ajili ya jeki. Mafuta ya breki yasiwekwe kamwe, hata kama fundi atasema yote ni mafuta. Sili za jeki hizi hazikuumbwa kwa mafuta ya breki. Huvimba na kulainika, na jeki hufa kimya kimya. Oili chafu ya injini nayo ina chembe zinazoziba valvu. Mafuta ya jeki yakiwa meusi au yenye maji, yamwagwe yote yawekwe mapya.

Jeki ikipampiwa na kupanda kwa kudundadunda, kuna hewa ndani. Ifunguliwe skrubu ya kushushia, mkono upampiwe mara 10 hadi 15 pasipo mzigo, skrubu ifungwe, kisha ijaribiwe. Iko pia skrubu nyingine, mara nyingi imefunikwa, inayozuia jeki isiinue kupita kiwango chake. Hiyo isiguswe na mtu.

Kila baada ya miezi michache sisi tuna desturi ya kuipima jeki yetu. Inainua upande mmoja wa gari, hakuna mtu anayesogea, tunaweka alama ya chaki, tunangoja robo saa. Katika mwaka wa tatu, Jumamosi moja baada ya ibada ya asubuhi, tuliinua tukaingia ndani kunywa chai. Tulipotoka, gari lilikuwa limeshuka upana wa vidole vitatu. Hakukuwa na mlio wala tone la mafuta ardhini. Ni kama mgonjwa anayevuja damu tumboni huku shuka lake likiwa jeupe. Baba watoto alisimama akitazama alama ile kwa muda mrefu. Hakusema neno. Jeki ilikwenda kwa fundi ikabadilishwa sili, na tangu siku ile yeye mwenyewe ndiye hutoa stendi kwanza, kabla hata ya kutoa jeki.

Tahadhari za muuguzi

Mafuta yaliyobaki yasiwekwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji. Watoto wadogo hunywa kilichomo ndani ya chupa wanayoijua. Mtoto akinywa mafuta ya namna hii, asitapishwe, wala asinyweshwe maziwa ili atapike, kwa sababu mafuta yakipanda yanaweza kuingia mapafuni na kuleta madhara makubwa. Apelekwe hospitali pamoja na chupa yenyewe.

Na ikiwa, Mungu apishe mbali, gari limemwangukia mtu, tusiingie chini kumvuta. Tupige yowe watu waje, tupige simu 112 hapa Tanzania, magurudumu yazuiwe, na gari liinuliwe mara moja kwa jeki nyingine au kwa mikono ya watu wengi, hasa kama limekalia kifua, shingo au tumbo. Akitolewa, shingo na mgongo visipindwe. Tutazame kama anapumua. Kama hapumui na kuna anayejua kufufua, aanze hapo hapo. Damu inayotoka ikandamizwe kwa kitambaa safi. Asipewe chakula wala maji. Hata akisema, "Mimi mzima," apelekwe hospitali, kwa maana damu huweza kuvuja ndani, na kiungo kilichobanwa muda mrefu humwaga sumu zinazodhuru figo na moyo baada ya kuachiliwa.

Akina mama wapendwa, hatuwaambii mgeuke mafundi. Jumamosi ijayo, kabla kazi haijaanza, tokeni uani mkaulize maswali matatu tu: Kabari ziko wapi? Stendi ziko wapi? Nani atakuwa karibu? Ulizeni kwa heshima, bila kelele, na msiondoke mpaka mmejibiwa. Mume anayependwa hatakasirika muda mrefu. Na akikasirika, heri mume aliyekasirika anayekula ugali mezani jioni ile. Mungu azilinde nyumba zetu, na atupe sisi wake na mama macho ya kuona na kinywa cha kusema kwa wakati wake. Amina.